Sukari mu Lengalenga

Megafoni ilikohoa, ikapiga mluzi, kisha sauti ya Floribert ikaruka ukuta wa mgodi.

"Benye udongo ni shiye. Hawa ba kaskazini, babu yabo alikuyaka na treni. Barudiye na treni."

Tangu mgodi uuzwe kwa watu binafsi, kampuni mpya ilikuwa imetangaza kwamba itaajiri wenye nchi kwanza. Basi majirani walioazimana chumvi maisha yote wakaanza kuulizana babu zao walizikwa wapi. Wenyeji walimchagua Floribert awe msemaji wao kwa sababu ya koo lake lenye nguvu, ingawa alihamia juzi tu kutoka Kambove. Yeye alitaka jambo moja: binti yake Sephora, ambaye diploma yake haikuwa imemsaidia ila kuuza mayai ya kuchemsha, apate kiti ofisini.

Upande wa pili wa geti, watu wa kaskazini nao walikuwa na msemaji, mama mmoja mnene, Albertine, mgeni wa juzi vilevile. Alijibu bila megafoni. Hakuihitaji.

"Hawa benye inchi, kazi yabo ni kulala. Banakoromaka sawa treni ya Sakania. Na soksi banaachaka chini ya kitanda."

Watu wake walicheka hadi wakashikana mabega. Kweli kabisa, walisema, kabila lile ndivyo lilivyo.

Masikio ya Floribert yakawaka moto. La kukoroma alilitegemea. La soksi lilimchoma.

"Afazali soksi," akanguruma, "kuliko bantu benye kutia sukari mu lengalenga."

Sukari ndani ya mchicha! Mwanamke mmoja akaziba mdomo. Albertine akakaza kitenge, akaokota jiwe, na polisi waliokuwa wakilinda geti wakasogea.

Meneja, aliyekuwa akichungulia dirishani, akaona damu kabla haijamwagika. Akatoka mbio na kutangaza kwamba kila upande utapata nafasi moja, na msemaji ataje jina papo hapo.

"Sephora," alisema Floribert.

"Fils, mutoto yangu," alisema Albertine, bila kumtazama.

Wenyeji walimbeba Floribert mabegani mpaka njia panda. Kutoka hapo akaenda kwake peke yake, akiimba. Alikuta mlango umekomewa kwa ndani, na soksi zake zote zimetupwa barazani.

Akabisha taratibu.

"Baba Sephora," Albertine akasema kutoka ndani, "ile ya sukari hatukupatana."