Profesa wa Kwanza

Mama alifika chuoni kuiona bustani iliyopewa jina la binti yake, mwalimu wa kilimo aliyefariki mwaka juzi. Alitaka kuliona lile jina tu, kisha ajirudie zake nyumbani.

Kwenye kitalu aliwakuta wanafunzi kama thelathini wamechuchumaa, wakihamisha miche ya nyanya. Akainama, akanyoosha mkono.

"Shikamoo, mama. Samahani, usishike shina," msichana mmoja alimwambia kwa upole, asijue anaongea na nani. "Shina likiminywa, mche umekwisha. Shika jani. Jani likikatika litaota jingine."

Mama aliurudisha mkono. Maneno hayohayo aliyasema yeye, uani kwake, akimfokea binti yake wa miaka sita.

"Nani kawafundisha hivyo?"

"Marehemu mwalimu wetu. Alisema hakuyatoa kitabuni, aliyapata kwa profesa wake wa kwanza."

"Profesa gani huyo?"

"Hakututajia jina. Alituambia tu kwamba profesa huyo hakujua kusoma, lakini hakuwahi kuua mche."

Mama aliinua macho. Alitazama ile mikono yote, safu kwa safu, imeshika majani.