Udi Nje ya Mlango

Wageni waliokuja kumposa bintiye walikuwa wamekwisha kaa Bi Mashavu alipoingia na chetezo kinachofuka udi. Papo hapo paka wa nyumbani, mwenye ugonjwa wa pumu, akajikunyata, akanyoosha shingo, akaanza kukohoa. Saumu, mkamwana wa Bi Mashavu, akamwekea kiganja ubavuni, akazisikiliza pumzi. Zilikwenda mbio kuliko asubuhi.

"Mama, pumu imempanda. Naomba udi utoke."

"Utaniaibisha mbele ya watu kwa ajili ya paka?"

"Naye ana roho, mama."

Saumu akakipokea chetezo bila kupewa, akakiweka barazani. Akarudi, akampakata paka katikati ya wageni, akamfunika pua kwa barakoa ndogo iliyounganishwa na kopo la dawa ya pumu, akalibonyeza kopo.

Mama wa kijana aliyekuja kuposa akainuka, akafungua dirisha moshi uliobaki utoke.