Bakuli la Maziwa hadi Kanisani

"Usiangalie chini," Mzee Agustino alisema, akimkabidhi Clement bakuli la maziwa lililojaa hadi ukingoni. "Kila mzee utakayekutana naye, mwangalie usoni, mpe shikamoo yake. Ukifika kanisani bila kumwaga, tutazungumza habari za binti yangu."

Ulikuwa mtihani wa kipuuzi, lakini pale Mbulu mjini hakuna aliyecheka. Njia ya vitofali ya waenda kwa miguu, iliyoelekea kanisani, ilichoka kabla haijatimiza mwaka. Vitofali vingine vilizama, vingine vilicheza, vingine vilichomoza vikisubiri kidole cha mtu. Mzee mwenyewe alianguka hapo, na mkono wake bado ulikuwa na plasta. Wachumba wawili walishapimwa. Mwalimu wa Dirma alivunjika jino. Bwana mifugo aliishia mtaroni na maziwa yake, akaendelea kuamkia watu akiwa humo humo.

Hilda alitamani kulia. Huyu alimpenda kweli, tangu siku walipokutana mnadani Katesh.

"Baba, mwonee huruma. Clement ni mgeni, hajawahi hata kukanyaga Mbulu."

"Ndivyo alivyoniambia na mimi," mzee alijibu. "Haya kijana, nenda."

Clement akaenda. "Shikamoo mzee!" Akaruka kitofali cha nne. "Shikamoo mama!" Mguu wa kushoto ukapanda ukingoni, ukatembea hatua tatu, ukashuka. Mbele ya duka la dawa akapiga hatua moja ndefu ya ajabu, macho yake yakiwa kwa bibi mmoja aliyeitikia marahaba huku amejifunika uso kwa woga. Halikumwagika hata tone.

Mji mzima ukamfuata. Akina mama walipiga vigelegele, bodaboda wakapiga honi, na Hilda akakimbia pembeni barabarani, kwa sababu juu ya vitofali hakuthubutu.

Pale mlangoni mwa kanisa Mzee Agustino alipokea bakuli kwa mkono wake mzima. Akanywa funda moja, taratibu, akajifuta midomo. Kisha akawageukia wajomba wanne wa Hilda, wanaume wa Bashay wenye mabega mapana.

"Mshikeni. Anayejua vitofali vinavyocheza bila kuviangalia ni mtu mmoja tu, fundi aliyevipanga bila kushindilia udongo chini yake. Harusi itakuwa siku atakapomaliza kuvipanga upya."