Shabiki wa Raundi Moja

Mzee mwenye kofia ya kijani alitazama saa yake, akaandika kitu kwenye kidaftari, akapiga miayo. Kule uwanjani, msichana aliyekuwa akimchungulia kwa jicho la pembeni akaupiga mpira ukaenda kugonga uzio.

Nyumbani kaka zake walimwita Raundi Moja. Mashindano kumi na moja ya tenisi ya kulipwa, safari kumi na moja za basi, na kila mara alifungwa mechi ya kwanza akarudi hata nguo za kubadili hajazikunjua. Alipokuwa akiondoka kwenda la kumi na mbili, mama yake alimsindikiza hadi mlangoni, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni.

"Nimekuombea sana, mwanangu, na hili nakuombea. Ila ukirudi bila hiyo pointi yako, kiti chako kile pale, karibu na cherehani. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

Pointi yenyewe ni moja tu. Ukiipata, jina lako linaingia kwenye orodha ya wachezaji wa dunia, hata kama ni mkiani kabisa. Ili aipate, ilimbidi ashinde mechi tatu mfululizo, yeye ambaye hakuwahi kushinda hata moja.

Tena mechi zake hazikuwa na watazamaji. Siku zote alipewa uwanja wa nyuma, jirani na mapipa ya taka, benchi moja na paka. Leo kwenye benchi kuna mzee mzima! Mtu wa umri ule, akajiambia, hawezi kukaa juani bure. Akajifunga kibwebwe, akashinda.

Chumbani alimkuta mwenzake, mchezaji wa mechi za wawili wawili, aliyeitwa Redio kwa kuwa hakuwa na swichi ya kuzimia.

"Wewe! Yule mzee wako kaniuliza jina lako."

"Mzee wangu tangu lini?"

"Kauliza na kwenu ni wapi. Halafu, sikiliza hapa, kauliza una mabegi mangapi."

"Mabegi? Ya nini?"

"Ya kukusafirisha, mshamba wewe! Huyo ni wakala, anatafuta watu wa kwenda kucheza ng'ambo. Nimemwambia begi moja, tena dogo. Usije ukanisahau."

Raundi Moja alicheka, lakini kwenye sala zake alimwongeza mzee wa kofia ya kijani, akamwombea afya na kivuli.

Jumanne mzee aliwahi zaidi. Msichana akikosa mpira, mzee anainua kichwa. Akipata, anainamisha.

"Anaficha furaha," Redio alimweleza. "Mawakala ndio zao, hawataki bei yako ipande."

Akashinda tena.

Jumatano ikawa mechi ya pointi. Mpinzani alikuwa mrefu kama nguzo ya umeme na mpira wake ulitua kama tofali. Seti ya kwanza ikapotea hivi hivi. Ya pili nayo ikafika michezo mitano kwa mmoja, umebaki mmoja tu afungashe virago.

Hapo mzee akasimama. Akatia kidaftari mfukoni, akajipangusa suruali, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, akaelekea langoni.

Msichana akamwona. Ananiacha! Akakiona kile kiti karibu na cherehani, mto wake umeshapangwa.

"Ee Mola," akanong'ona, "mrudishe yule mzee."

Akaanza kuuchapa mpira kana kwamba umemtukania mama yake. Akakimbilia mipira ambayo hata paka aliikatia tamaa. Tano kwa mbili. Tano kwa tatu. Mzee akasimama langoni, akageuka. Ilipofika tano kwa tano, alirudi kwenye benchi, akajibwaga puu, akashika kichwa kwa mikono miwili.

Ona mtu anavyoumia kwa ajili yangu, msichana akawaza, na machozi yakamlenga. Akaichukua seti ile, akaichukua na ya tatu. Pointi ikawa yake.

Hakwenda kwenye begi, wala hakumpigia mama yake simu. Alikimbia moja kwa moja hadi kwenye benchi, jasho likimchuruzika.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu." Mzee alivua kofia, sauti imechoka. "Mimi ni dereva wa mashindano haya. Tangu Jumatatu gari liko nje. Nimeambiwa nikupeleke stendi ukishatolewa, ndipo likizo yangu ianze. Hebu niambie ukweli, binti: wewe unafungwa lini?"