Mzee wa Kitabuni

Kitabuni iliandikwa kwamba mzee hakufungua mlango. Binti akasoma kwa sauti: "Mzee akainuka kitandani, akaanza kujikokota kwenda mlangoni."

"Akainuka?" Baba yake alikunja uso. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha sebuleni, miwani myeusi usoni, mikono juu ya magoti. "Huyu huyu aliyekataa hata kuletewa salamu za mwanawe?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, Baba."

"Haya. Endelea."

Aendelee vipi? Kila neno ilibidi alitunge papo hapo, huku macho yake yako juu ya ukurasa unaosema kinyume kabisa. Na pale kwenye mlango wa sebule kaka yake alikuwa amesimama kimya, viatu mkononi, hathubutu hata kukohoa.

Kaka huyo hakuwa amekanyaga nyumba ile tangu siku waliyomzika mama yao. Watu walikwenda makaburini, wakazika, wakarudi. Yeye alikuwa kilabuni, amelewa chakari, hajijui hajitambui. Alipotokea jioni, baba alimwambia mbele ya waombolezaji wote: "Mimi sina mwana." Ikawa ndiyo basi. Pombe kaka aliacha. Wajomba walitumwa kumwombea msamaha, shangazi akatumwa, wote wakarudi mikono mitupu. Mzee haambiliki! Na sasa kaka alikuwa amepata kazi nchi ya mbali, safari ni kesho, na baba ameshafika umri ambao mtu haagi kwa kusema tutaonana. Ilikuwa leo au basi tena.

Maisha yake yote baba alikuwa mwalimu wa hesabu. Riwaya alizianzia uzeeni, baada ya macho kupofuka, akawa anazisikiliza kama anayesahihisha mitihani. Binti, ambaye ni msusi, alitoka saluni kila alasiri akaja kumsomea. Mwezi uliopita jirani alimpeleka mzee kwa daktari wa macho. Binti alipouliza majibu, aliambiwa tu, "Mambo ni yale yale," kisha akaagizwa riwaya hii, ya zamani, nene, ya baba aliyemfukuza mwanawe.

Jana binti alichungulia mwisho wake, akaishiwa nguvu. Mzee wa kitabuni anakata roho akiwa ameupa mlango mgongo, na mtoto yuko nje anabisha. Jamani, mwandishi gani huyu asiye na huruma? Hapo ndipo wazo lilipomjia. Mzee wa kitabuni akilainika, huenda na wa kwao akalainika. Akampigia simu kaka yake usiku ule ule: njoo, vua viatu, simama mlangoni, usifungue mdomo mpaka nikuite.

"Akafika mlangoni," alisoma. "Akashika komeo."

"Mbona hugeuzi ukurasa?"

Masikio ya mzee huyu! Akageuza ukurasa kwa kishindo, usikike hadi kwa jirani.

"Na sogea dirishani, utajiumiza macho. Sasa niambie wewe," baba alisema, "maana huyu mwandishi ananichanganya. Sura zote hizi ametujengea mhusika wa jiwe. Hasikii la mtu. Mwishoni anatuambia amelainika, hivi hivi tu? Tabia ya mhusika haigeuki bila sababu. Sababu iko wapi?"

Binti alihamia dirishani. Alimjua baba yake. Akijibu ovyo hapa, mzee atasema kitabu ni cha kipuuzi, ataomba chai, na habari itaishia hapo.

"Labda alikuwa amechoka, Baba."

"Kuchoka si sababu."

"Basi labda hakugeuka." Sasa hakuwa anatunga tena. "Labda alimtaka mwanawe tangu siku ile ile. Lakini alishasema neno mbele za watu, akaona haya kulimeza."

Vidole vya baba vilikuwa vinachezacheza juu ya magoti. Kule mlangoni kaka alifumba macho, na binti akaogopa asije akalia kwa sauti wakaharibikiwa wote.

"Hiyo," mzee alisema taratibu, "ni sababu. Hiyo ningeipa alama. Na dhamira ya kitabu kizima ni nini?"

"Sijui, Baba. Mimi msusi tu."

"Unajua. Haya, malizia."

Binti akashika kitabu kwa mikono miwili. "Akafungua. Mwanawe alikuwa pale pale, ameinamisha kichwa. Mzee akamtazama. Akasema..."

Akakwama. Lo! Usiku kucha alikuwa amepanga yote, kuinuka, kutembea, komeo, lakini neno lenyewe hakulifikiria. Angesema nini baba wa namna ile? Alitafuta, hakupata. Kaka yake alikuwa amemkodolea macho kama mgonjwa anayesubiri majibu.

"Akasema nini?" baba aliuliza.

"Pamefifia hapa, Baba. Herufi hazisomeki."

"Hazisomeki?"

"Hata moja."

Mzee alishusha pumzi ndefu. Akageuza uso, akauelekeza mlangoni.

"Basi nitasema mimi," alisema. "Ingia ndani, mwanangu. Na hizo mvi kichwani umeziota lini?"