Mbadala wa Zamda

"Mama Nuhu, kiwanda hakijakunyima haki! Kimekuletea mbadala, huyu hapa. Ana sura yako, sauti yako, hata kukohoa anakohoa kama wewe. Unataka nini tena?"

"Nataka kumuuguza mwanangu mwenyewe," Zamda alimjibu mumewe. "Hicho ni kinyago, Baba Nuhu. Ungeugua wewe, ungetaka kukandwa na kinyago?"

"Kama hakinigombezi, kwa nini nisitake?"

Zamda hakucheka. Siku hizo mfanyakazi mwenye mgonjwa hakupewa ruhusa. Mashine yenye umbo lake ndiyo iliyopelekwa nyumbani, naye akabaki kiwandani kushona, eti mashine zisinyang'anye watu ajira. Nuhu alikuwa na homa ya mapafu, na wiki nzima mbadala ndiye aliyemwogesha na kumbembeleza, bila kuchoka wala kupandisha sauti. Hilo ndilo lililomchoma Zamda kuliko yote.

King'ora cha zamu kikalia.

"Watakufukuza," mumewe alisema.

"Wamfukuze nani? Zamda atafika kazini." Alivua sare yake ya kiwanda, akamvisha mbadala, akamfunga kitambaa kichwani. "Kama anafaa kuwa mama, kushona mashati kutamshinda? Haya, nenda!"

Mbadala akatoka bila ubishi. Zamda akatia komeo mlangoni, akaketi kitandani, akamshika mwanawe mkono.

Nuhu akauchomoa. Alikuwa akiutazama mlango, machozi yakimlengalenga.

"Mama anakwenda wapi?"