Udi wa Siok-lan

Jina la bibi yangu lilikuwa linaning'inia kwenye uzi, mbele ya uso wangu.

Mwalimu alitupeleka kwenye gereza la zamani la Taipei tujifunze historia, na tuone kazi ya msanii aliyetundika barua za wafungwa waliopigwa risasi. Serikali ilizificha kwenye majalada miaka hamsini na minane.

"Siok-lan, mke wangu. Kesho asubuhi wananiua. Usinisubiri. Olewa."

Mwandiko ulilalia kushoto kama wangu.

Bibi hajawahi kumchomea babu udi, kwa kuwa kwetu kumchomea mtu udi ni kukubali amekufa. Kila Mwaka Mpya humwekea mezani bakuli la wali na vijiti vya kulia.

Nikampigia simu.

"Umekula, wewe? Au walimu wako wanakulisha picha?"

"Bibi, nimeona barua ya babu."

Nikasikia akizima jiko.

"Anasema anarudi lini?"

Mimi nisiyeogopa mtu nikasoma neno la kwanza tu: "Siok-lan." Yeye akangoja, kama alivyozoea.

"Basi usinisomee kwenye simu," akasema. "Mlete nyumbani. Udi nitanunua mwenyewe."

Mlinzi wa maonyesho alinikazia macho. Nami nikamkazia, nikaukata uzi.